Mteja Bora wa Masakta

Jumatatu, 14 Novemba

Leo nimeanza rasmi kazi ya pili maishani mwangu. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mhasibu wa chama cha ushirika. Sasa ni mshauri wa mifumo ya kompyuta kwa wafanyabiashara. Cheti ninacho, tena kina fremu. Nimesoma wiki tatu kwa njia ya mtandao, masomo kumi na mawili. Somo la tatu, "Kumsikiliza Mteja", nililiruka. Mtu aliyewasikiliza wakulima wa ushirika kwa miaka yote hiyo hahitaji kufundishwa kusikiliza.

Saa mbili asubuhi nimetundika kibao nje ya chumba cha mbele: R. SULLE, MSHAURI WA MIFUMO YA BIASHARA. Herufi nimezipima kwa rula. Saa mbili na nusu mke wangu, Genoveva, amekisoma kibao kwa sauti, kisha akauliza mifumo hiyo inaliwa na nini.

Genoveva ni fundi cherehani. Vyerehani vyake vitatu viko barazani, na mvua ya hapa Katesh hulipiga baraza hilo kutoka ubavuni. Kila mwaka analalamika. Mwaka huu ameshika kazi ya sare za harusi ya binti wa mwenyekiti wa kwaya, magauni kumi na manane, na anakitaka chumba changu. Tumekubaliana kwa maandishi, nami ndiye niliyeandika: nikipata mteja aliyetia saini kabla ya mwisho wa mwezi huu, chumba kinabaki ofisi. Nisipompata, vyerehani vinaingia na mimi natoka. Genoveva alitia saini bila kusoma. Hilo limenisumbua mchana kutwa. Asiyesoma anachosaini ana uhakika wa kushinda.

Wateja wa leo: hakuna. Aliyeingia ofisini: mbuzi wa jirani.

Jumanne, 15 Novemba

Nimempata mteja! Yaani, nusu.

Nimekwenda kwa Bi Saumu Halfani, mwenye duka kubwa la pembejeo karibu na stendi. Mbegu, mbolea, dawa za mifugo, chumvi ya ng'ombe. Duka lote hilo linaendeshwa kwa daftari moja lenye jalada la bluu na kwa kichwa cha mpwa wake, Safina, anayekaa kaunta. Ukimwuliza Safina jambo, anafumba macho, kisha anajibu. Huo ndio mfumo uliopo! Nilitamani kulia.

Bi Saumu alinipokea vizuri. Shikamoo, kiti, chai ya tangawizi. Nikamweleza faida za mfumo kwa dakika arobaini. Akaniuliza swali moja tu: kila mtu atapata mbegu yake kabla ya mvua? Nikamwambia kwamba mfumo hufanya mengi zaidi ya hayo. Akasema hayo mengine niwaachie wenye nafasi.

Hapo nikasikia shikamoo nyuma yangu. Evarist! Alikuwa karani wangu ushirika. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mistari chini ya jumla: miwili, sambamba. Niliwahi kumrudishia leja nzima aiandike upya kwa sababu alitumia kalamu ya kijani. Leo amevaa fulana yenye jina la kampuni yake ya Babati, na anajiita mtaalamu wa mifumo. Tai hana. Akaniamkia tena kwa kuinama, "Shikamoo, mwalimu wangu," mbele ya wateja wote. Mtu akikuheshimu kiasi hicho, utaanzia wapi kumtukana?

Naye ameitaka kazi hiyohiyo. Bi Saumu akaamua kutujaribu wote wawili. Kila Novemba wakulima huandikisha mbegu na mbolea, na lori huwapelekea vijijini mara moja tu kabla ardhi haijalowa. Mimi nimepewa orodha ya upande wa Masakta, lori linaondoka Jumamosi. Evarist amepewa ghala. Mzigo wa Masakta ukifika sawasawa, Bi Saumu atatia saini mkataba wangu wa mwaka mzima.

Chumba ni changu. Nimemwambia Genoveva atafute turubai.

Jumatano, 16 Novemba

Daftari la bluu ni aibu. Nimelisoma lote nikiwa nimekunja uso, na bado halijakunjuka.

Upande wa Masakta una wakulima arobaini na mmoja walioagiza. Kumi na mmoja kati yao wanaitwa Gidabuday. Jina la baba, hakuna. Jina la babu, hakuna. Badala yake Safina ameandika Gidabuday Kofia. Gidabuday wa Bwawani. Gidabuday Mapacha. Gidabuday Meno. Gidabuday Hasemi. Mmoja ameandikwa Gidabuday Babu. Na wa mwisho, naapa, ameandikwa "Gidabuday Mwingine". Mwingine! Katika hati ya biashara!

Nimemwuliza Safina ni nani aliyempa ruhusa ya kutaja meno ya mteja katika kumbukumbu za ofisi. Akasema mwenyewe Gidabuday Meno ndiye aliyejitaja hivyo, na akacheka, na meno yakaonekana. Nikamwuliza je, huyu Hasemi. Akasema huyo hakusema, alinyoosha vidole sita akaondoka.

Nimemhutubia kuhusu unadhifu wa kumbukumbu. Katika uhasibu hakuna "mwingine". Alinisikiliza vizuri sana, huku akimpimia mtu chumvi.

Nimeweka pia nywila ya herufi kumi na nne, ya kubadilishwa kila siku. Saa sita mchana nimeikuta imeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya mzani.

Evarist, siku nzima, alikuwa amekaa juu ya gunia la mbolea akiuliza maswali. Amewauliza wapakiaji. Amemwuliza Abdulrahim, dereva wa lori. Amemwuliza hata mwanamke aliyeingia kununua kiberiti. Mshauri gani huyu asiyejua majibu? Mtu analipwa kwa sababu anajua!

Ijumaa, 18 Novemba

Siku kubwa. Nimeyaingiza majina yote arobaini na moja katika mfumo, kwa mkono wangu. Majina ya utani nimeyafuta. Kofia, nje. Mapacha, nje. Meno, nje kabisa. Limebaki jina lenyewe, safi, kama lilivyotoka kwa wazazi.

Nilipomaliza, mfumo ukatoa onyo jekundu: marudio kumi ya jina Gidabuday. Moyo wangu ulifurahi kama wa zamani, nilipokuwa nikikuta risiti moja imeingizwa mara mbili. Marudio ni ugonjwa. Nimeyawinda maisha yangu yote. Na humu kuna kitufe cha kuyaponya! "Unganisha marudio." Laiti ningekuwa nacho mwaka ule wa ukaguzi.

Safina alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Mzee Sulle, hao ni watu kumi na mmoja." Nikamweleza kwa upole kwamba nje ni watu, ila humu ndani ni kumbukumbu. Akasema tena, "Mzee, lakini wanakula." Sikuona hoja yake inaingia wapi.

Evarist naye akashuka kwenye gunia lake. Akaanza, "Mwalimu, samahani, hawa akina Gidabuday..." Nikamkatiza. Sipokei ushauri kutoka kwa mshindani. Akasema basi tumpigie Bi Saumu. Bi Saumu yuko safarini Arusha kufuata mzigo, na mimi simsumbui mteja kwa mambo ya kitaalamu.

Mfumo ukaniuliza: je, una uhakika? Kitendo hiki hakiwezi kurudishwa. Unaniuliza mimi! Nilibonyeza Ndiyo kabla haujamaliza kuandika.

Matokeo ni ya ajabu. Anwani na simu zimebaki za yule wa kwanza katika orodha, wa Masakta penyewe. Ameagiza mifuko mia mbili na kumi na minne ya mbegu na mifuko sitini na mitatu ya mbolea. Hakuna mkulima mwingine anayemkaribia hata kwa robo. Mfumo umemtaja wenyewe, bila mimi kuuagiza: MTEJA BORA WA MWEZI. Sasa, kweli, mtu kama huyo alikuwa amefichwa katika daftari la bluu, na hakuna aliyemjua! Hii ndiyo maana ya ushauri.

Nimemwandalia cheti. Bi Saumu huwa na zawadi ya mteja bora, mabuti ya mvua. Nimechukua jozi moja, nambari tisa.

Daftari la bluu nimelifungia ofisini kwangu. Duka haliwezi kuendeshwa kwa mifumo miwili.

Jumamosi, 19 Novemba

Masakta. Nimekwenda na lori mwenyewe, nikiwa na tai, cheti na mabuti mapajani.

Abdulrahim ni dereva mzuri ila ana mdomo. Njia nzima aliisoma hati ya mzigo kwa jicho moja na barabara kwa jicho la pili. Akasema huyu mzee wa Masakta anamjua, ana ekari mbili na mbuzi wachache. Nikamwambia kwamba yeye ni dereva. Akasema ni kweli. Baada ya kona mbili akasema, "Lakini mzee, ekari mbili ni ekari mbili." Nikampa amri kwa maneno matatu: fuata hati, usiulize. Kuanzia hapo akanyamaza kwa namna ambayo ilikuwa mbaya kuliko maswali.

Wakulima wengine thelathini tuliwapa mzigo wao bila tatizo. Naomba hilo likumbukwe.

Kisha tukafika kwa Mteja Bora. Nilitegemea trekta. Nilikuta nyumba moja, zizi la miiba, na mzee mrefu, mwembamba, wa miaka themanini hivi, amejifunga shuka na kuegemea fimbo. Ilinibidi nimwamkie. Mara ya mwisho nilipompa mtu shikamoo ni zamani sana. Akaitikia, "Marahaba, kijana." Kijana! Nina miaka sitini na miwili na shinikizo la damu.

Wapakiaji walishusha mifuko kwa saa moja na nusu. Uani hapakubaki hata pa kutagia kuku. Mzee alitazama yote. Mwisho akauliza, kwa utulivu kabisa, kama kompyuta inajua shamba lake ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia kompyuta inajua kila kitu. Akafikiri. Akasema yeye aliagiza mifuko minne. Nikamwonyesha hati. Akasema hajui kusoma. Nikamsomea. Akasema, "Kijana, na wewe umeamini?"

Nikamwambia mfumo haukosei. Akashusha pumzi, akaweka dole gumba pale nilipomwonyesha. Nikampa cheti. Akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Mabuti aliyapenda.

Nimepiga picha: mimi, Mteja Bora, na mlima wa mifuko. Nitaitundika chini ya cheti changu.

Jumatatu, 21 Novemba

Mvua imeanza. Imekuja usiku wote kutoka mlimani, na asubuhi imepiga baraza ubavuni. Genoveva amefunika vyerehani kwa turubai, na turubai limebebwa na upepo hadi kwa jirani. Alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, amelowa, akatazama dari. Dari yangu haivuji.

Saa tatu nikaitwa dukani.

Kwenye benchi la Bi Saumu walikuwa wamekaa wanaume kumi. Wote kwa shuka na fimbo, wote matope hadi magotini. Wametembea tangu alfajiri kuuliza mbegu zao ziko wapi, maana ardhi imelowa na mtu hapandi maneno.

Ili kuweka utaratibu nikamwagiza Safina awaite mmoja mmoja kwa jina, kama lilivyo kwenye mfumo. Safina akanitazama. Nikasema, "Soma." Akasoma: "Gidabuday!"

Wakasimama wote kumi.

Nikasema wakae. Nikamwambia arudie, taratibu. Akarudia. Wakasimama tena wote kumi, taratibu.

Wapakiaji walikimbilia ghalani, nikawasikia huko wakipiga magunia kwa ngumi. Evarist alifunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanatikisika. Mmoja wa wale kumi, mwenye meno ambayo hayafichiki, akauliza kwa ukarimu kama nataka wasimame mara ya tatu.

Bi Saumu amerudi jana. Hakupandisha sauti. Akauliza tu mbegu za watu hawa ziko wapi. Nikatazama mfumo, nikasoma jibu: ziko kwa Gidabuday. Mmoja akauliza, Gidabuday yupi? Nikatazama tena. Mfumo unamjua mmoja tu.

Mwanamume wa mwisho kwenye benchi hakusema neno tangu alipoingia. Akanyoosha vidole sita.

Abdulrahim akawaambia ziko kwa Babu, Masakta. Wakaitikia "Aaa," wote kwa pamoja, kana kwamba wamepewa habari ya kawaida kabisa, wakatoka mvuani. Bi Saumu ameniambia kesho niende na lori kuhakikisha, na kwamba kama mtu hata mmoja atakosa kupanda kwa sababu ya kompyuta yangu, nisirudi kunywa chai yake.

Tatizo liko wazi. Wazazi wa wilaya hii ya Hanang hawakushauriana kabla ya kutoa majina.

Jumanne, 22 Novemba

Lori limekwama mara mbili. Mara ya pili nilishuka kusukuma. Kiatu cha kushoto kiko huko bado.

Tulipofika, ua wa mzee ulikuwa mtupu. Mifuko mia mbili na kumi na minne ya mbegu! Nikajiona narudi kwa Genoveva, natoa kibao ukutani.

Mzee Gidabuday alikuwa amekaa mlangoni, amevaa mabuti, anakohoa. Nilimwamkia bila kuombwa. Nikamwuliza mzigo uko wapi. Akasema umekwenda kwa wenyewe.

Nikauliza wenyewe ni nani. Akaanza kuwataja huku akikunja vidole. Kofia, mifuko ishirini ya mbegu na mitano ya mbolea. Wa Bwawani, thelathini. Mapacha. Meno. Hasemi, sita tu ya mbolea. Wote waliokuja jana kutoka dukani. Mwingine alikuja wa mwisho, akapewa yake. Hakuna hati, hakuna kalamu. Nilitoa kompyuta mpakato na kujumlisha, kwa sababu mtu akitaja tarakimu mbele yangu lazima nijumlishe. Ikatimia. Mfuko hata mmoja haukupungua. Nilijumlisha mara tatu, nikitafuta kosa lake, sikulipata.

Nikamwuliza amejuaje kila mtu aliagiza ngapi. Akashangaa. Akasema aliwauliza.

Kisha mkewe akatoka ndani, akasema jambo kwa Kibarabaig, refu, huku akinielekezea mwiko. Abdulrahim akatafsiri kwa furaha isiyo ya lazima. Jumamosi jioni wingu lilipojifunga, mzee aliona mbegu za watu zitaoza. Akaingiza mifuko yote ndani, yeye na mkewe, mmoja mmoja. Nyumba ikajaa hadi darini. Siku mbili wazee hao wawili walilala zizini na mbuzi. Ndiyo maana anakohoa.

Niliinama kukagua soksi yangu.

Mzee akaingia ndani, akaleta cheti. Alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa mbegu, hakijalowa hata pembe. Akasema amekitunza, lakini nikichukue nikakiandike vizuri, maana hapa Masakta mtu akisoma "Gidabuday" atajuaje ni nani? Yeye ni Gidabuday Babu. Niongeze neno moja tu.

Nikamweleza kwamba "Babu" si jina rasmi na kwamba mfumo hauna nafasi ya neno hilo. Akanitazama muda mrefu, kwa huruma, kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa vibaya. Akasema, "Basi, kijana. Kunywa maziwa."

Nimekunywa. Yalikuwa mazuri. Cheti nimekirudisha kama kilivyo.

Alhamisi, 24 Novemba

Bi Saumu ametoa uamuzi. Mkataba ni wa Evarist.

Nimeomba kuuona huo mfumo wake. Kwa maslahi ya taaluma. Una jina la mteja, sawa. Una simu, sawa. Halafu una nafasi pana, katikati kabisa, imeandikwa: "Watu wanamwitaje?" Na humo kimejaa kila kitu! Kofia. Meno. Mwingine. Amewatambulisha wote kumi na mmoja, na kila mmoja amewekewa na njia ya kufika kwake: "baada ya bwawa, nyumba yenye mbwa mmoja wa kahawia". Mbwa! Ndani ya mfumo! Safina anautumia bila kufumba macho. Anaucheka na kuusemesha.

Ndiyo hayo aliyokuwa akiuliza juu ya gunia. Siku nzima ya kazi, kumuuliza mnunuzi wa kiberiti kuhusu mbwa.

Bi Saumu ameamua pia kwamba kuanzia msimu ujao mzigo wote wa upande ule utashushwa kwa Mzee Gidabuday, naye atalipwa kuugawa, na ghala dogo litajengwa uani kwake ili asilale tena na mbuzi. Watu wa kule wamefurahi. Ni karibu. Nimemkumbusha Bi Saumu kwamba aliyekuwa wa kwanza kushusha mzigo wote pale ni mimi. Akasema hilo hawezi kulisahau. Kisha akaomba arudishiwe daftari la bluu.

Evarist alinifuata hadi stendi. Shikamoo nyingine. Akasema, "Mwalimu, kwenye hesabu hakuna anayekufikia. Mimi ukinipa salio siku tatu silifungi. Njoo tufanye wote: mimi niwasikilize watu, wewe uzifunge hesabu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Nimekataa. Sifanyi kazi chini ya mtu asiye na tai. Nikiwa nimeshapanda ngazi ya nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mistari miwili chini ya jumla yake, pale kwenye mkataba, ilikuwa sambamba kabisa.

Jumatano, 30 Novemba

Saa mbili kamili asubuhi vyerehani vimeingia. Genoveva hakusema hata neno la ushindi, na amefanya hivyo kwa makusudi. Kibao changu amekigeuza. Upande wa nyuma ameandika kwa chaki: FUNDI GENOVEVA, KARIBU NDANI. Herufi hazilingani. Hadi saa nne wameingia wanawake sita.

Mimi nina kona nyuma ya mlango, kati ya pasi na mfuko wa vitambaa. Kompyuta inaenea vizuri.

Nimepata muda wa kutafakari. Kosa la Masakta halikuwa la mfumo, wala la mshauri. Lilikuwa la mteja: daftari chafu, mvua ya mapema, dereva mwenye mdomo. Mshauri makini huanzia mahali padogo, anapopafahamu. Na mchana huu, Genoveva alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nimeona mahali penyewe. Pako mezani, mbele ya macho yangu, kwenye daftari lenye madoa ya mafuta ya cherehani.

Vipimo vya sare za harusi! Magauni kumi na manane. Kifua, kiuno, urefu, mabega. Kumbukumbu nzuri kabisa, ila majina! Veronica Mwalimu. Veronica Mnene, naomba radhi, aliyeandika ni mke wangu. Veronica wa Dongobesh. Na wa kwanza katika orodha, Veronica Mdogo, yule mtoto anayebeba maua. Hati ya kazi si mahali pa kutajia unene wa mtu. Nimeyasafisha yote.

Nimeviingiza vipimo vyote katika mfumo kwa saa moja tu. Nimechapisha orodha moja safi ya kukatia vitambaa, nimeibandika ukutani juu ya meza yake. Daftari la zamani nimelifungia kwenye mkoba wangu. Kazi haiwezi kuendeshwa kwa mifumo miwili. Genoveva anaanza kukata kesho asubuhi na mapema. Sitamwambia. Nataka ajionee mwenyewe, na huenda akafikiri upya kuhusu chumba.

Kabla ya kuchapisha lilijitokeza onyo dogo jekundu. Marudio matatu ya jina Veronica. Mfumo ukauliza kama nina uhakika.

Nimebonyeza Ndiyo.